Nyota iliyokunjamana juu ya bawa

Modeli yangu ya tatu ya Spitfire, ndege ya vita ya Uingereza, ndiyo ya kwanza niliyoipaka rangi nikaridhika nayo. Ilikuwa ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, inakaa kiganjani, na nilikuwa nimeishughulikia kwa wiki tatu. Kahawia na kijani zilikuwa zimepakana vizuri mgongoni, na hakukuwa na alama ya brashi hata moja. Rangi yenyewe ilikuwa ile isiyong'aa, kavu kama chaki, maana ndivyo ndege ya vita inavyotakiwa kuonekana. Jioni moja nikaloweka dekali zote, yaani zile alama na herufi za kubandika, nikazibandika moja baada ya nyingine, nikaenda kulala na furaha yangu.

Asubuhi niliwasha taa ya mezani nikaiinua ndege. Kila herufi ya ubavuni ilikuwa imezungukwa na doa la kijivu linalometameta, kama njia aliyopita konokono. Nikiigeuza ndege kidogo, doa linapotea. Nikiirudisha, hilo limetokea tena. Nikapangusa kwa kitambaa chenye maji, nikakandamiza kwa kidole, mwisho nikapaka vanishi juu yake nikitumaini itaficha. Vanishi ikalifungia doa lile ndani, na limo mpaka leo.

Ilinichukua muda kukubali kwamba dekali hazikuwa na kosa, wala maji, wala mkono wangu wa jioni ile. Kazi ilikuwa imeharibika siku nne kabla, pale nilipoamua kubandika moja kwa moja juu ya rangi isiyong'aa. Karibu kila nilichojifunza baadaye kuhusu alama za modeli kinarudi hapo: dekali hufaulu au hushindwa kufuatana na uso inaoukuta.

Sababu yake ni rahisi ukishaielewa. Dekali ya maji ni karatasi yenye gundi inayoyeyuka, na juu ya gundi kuna utando mwembamba sana uliobeba wino. Ukiiloweka, karatasi inakunywa maji, gundi inalegea, utando unateleza. Rangi isiyong'aa, hata kama jicho linaiona laini, kwa karibu sana ni kama barabara ya changarawe. Ina vilima na mabonde, na ndiyo maana inautawanya mwanga badala ya kuurudisha kwa pamoja. Utando unalala juu ya vilima, hewa inabaki mabondeni. Mwanga unapoupenya utando na kuikuta hewa hiyo chini yake, unarudi machoni kwako ukiwa na weupe wa fedha. Hakuna vanishi ya kupaka juu itakayoifikia hewa iliyokwisha kufunikwa.

Kwa hiyo uso unatakiwa ung'ae kwanza. Mimi hutumia vanishi ya akriliki inayong'aa, mara nyingi X-22 ya Tamiya niliyoizimua, na ninaipuliza kwa matabaka mepesi mawili au matatu. Wapo waliozoea miaka mingi kutumia dawa ya kung'arishia sakafu, ile iliyouzwa Marekani kwa jina la Future na Uingereza kwa jina la Klear, na modeli zao ni nzuri kweli. Kitu chochote kitakachojaza mabonde yale bila kuziba mifereji ya paneli, ile mistari ya maungio ya mabati ya ndege, kinafaa. Mng'ao wenyewe usikutie wasiwasi. Mwisho wa kazi utapaka vanishi isiyong'aa juu ya kila kitu, na ndege itarudi kuwa kavu kama ulivyotaka.

Halafu subiri. Siku moja kamili ndiyo ya chini kabisa, mbili ni bora. Kipimo ninachokiamini ni pua: sogeza modeli puani, vuta pumzi. Kama bado unasikia harufu ya rangi au vanishi, kuna kimiminika ambacho hakijamaliza kutoka, na ukikifunika kwa dekali au ukaongeza dawa ya kulainishia dekali juu yake, uso unaweza kulainika au kupasuka nyufa. Nimewahi kuidharau harufu hiyo nikalazimika kusugua bawa zima kwa msasa mwororo na kuanza upya.

Sehemu ya maji watu huieleza kwa maneno mengi, lakini kwangu ni fupi. Maji yawe vuguvugu. Kama maji yako huacha chokaa yakikauka, tumia yaliyotakaswa, maana chokaa hiyo itaonekana kwenye rangi nyeusi. Kata dekali moja, izamishe kwa kibano sekunde kumi na tano au ishirini, itoe, ilaze kwenye kitambaa kwa dakika moja hivi. Karatasi itaendelea kunywa maji yale iliyonayo. Usiiache ielee bakulini mpaka ijiondoe yenyewe, kwa sababu gundi itakuwa imebaki majini, na hiyo gundi unaihitaji. Ijaribu kwa ncha ya brashi. Ikisogea juu ya karatasi yake, iko tayari. Ibebe pamoja na karatasi mpaka mahali pake, kisha isukume iteleze kutoka kwenye karatasi kuingia kwenye modeli. Ukiinyanyua utando peke yake hewani utajikunja na kujigandamiza, na kuukunjua ni kazi ya nusu saa ambayo si kila mara inafanikiwa.

Jambo moja hapa nalisisitiza kwa sababu silioni likitiliwa maanani: lowesha kwanza pale mahali dekali itakapokaa. Tone la maji, au dawa ya kushikizia, linaipa dekali kitu cha kuelea juu yake wakati unaisogeza. Bila hilo inashika palepale ilipogusa, ikiwa imeinama upande.

Dawa zenyewe ni za aina mbili, na ni vema kutozichanganya akilini. Katika zile za kampuni ya Microscale, Micro Set yenye lebo ya buluu hupakwa chini kabla ya dekali. Inanuka siki, nayo kazi yake ni kusafisha uso na kusaidia gundi ishike. Micro Sol yenye lebo nyekundu hupakwa juu dekali ikishakaa, na hiyo inaulainisha utando wenyewe mpaka unakuwa kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, unaangukia kwenye kila mfereji na kila ribiti, yaani vichwa vya misumari ya kuungia mabati. Mr. Mark Setter na Mr. Mark Softer ni jozi nyingine yenye mgawanyo huohuo wa kazi. Nguvu zake hazilingani, wala dekali hazilingani. Dekali zilizochapwa na Cartograf wa Italia nimezikuta nyembamba na zenye subira. Zipo nyingine nene ambazo dawa nyepesi haizitikisi, na nyingine laini ambazo dawa kali inaziyeyusha wino. Karibu kila karatasi ya dekali ina alama usizozihitaji. Ijaribu dawa yako kwa mojawapo kwanza, kwenye kipande cha plastiki cha kutupa.

Na hapo ndipo nafika kwenye ile nyota.

Nilikuwa natengeneza P-51D, ndege ya vita ya Marekani, ya 1/48, fedha tupu, na nyota ya Marekani yenye vibawa vyake ilikuwa inakwenda juu ya bawa la kushoto. Kwa kawaida juu ya mabawa nyota ilikuwa kushoto tu, na chini ilikuwa kulia tu, jambo ambalo watu hulikosea wakidhani zinatakiwa pande zote. Nikaiweka, nikaipima kwa macho kutoka mbele na kutoka nyuma, nikanyonya maji kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa, nikikizungusha kutoka katikati kwenda nje. Imekaa sawasawa. Nikapaka dawa ya kulainisha.

Baada ya dakika mbili nyota ikaanza kukunjamana. Ilianza kwenye ncha moja, mkunjo mdogo kama nywele, kisha mwingine, kisha uso mzima ukavimba kama karatasi iliyonyeshewa. Moyo ulinienda mbio. Nikaweka kidole kuinyoosha. Utando ule laini ukanasa kwenye kidole, na nilipokiinua, ncha mbili za nyota zikaja nacho.

Mzee mmoja niliyekuwa nikimpelekea kazi zangu azitazame, yeye mwenyewe ni mtu wa treni za modeli na si ndege, aliitazama ile nyota yenye ncha tatu kwa muda. Akaniuliza, "Uliigusa ikiwa imekunjamana?"

"Niliigusa, mzee. Niliona inaharibika."

"Ilikuwa inafanya kazi yake, mwanangu. Lete nyingine, tuibandike pamoja."

Karatasi ilikuwa na nyota ya akiba. Tulirudia hatua zilezile, na ilipoanza kukunjamana akanishika mkono, akauweka juu ya meza, akaendelea kuzungumza habari nyingine. Mimi sikuwa nasikia. Nilikuwa nakodolea macho lile bawa. Mikunjo ilifika kilele chake, ikatulia, na ndani ya dakika kumi ikaanza kuondoka yenyewe, mmoja mmoja, kuanzia pembeni. Buluu ikalala. Kisha kama mtu aliyevuta pumzi ndani, utando ukazama kwenye mfereji wa paneli, na mstari mwembamba ukajichora katikati ya nyota nyeupe. Baada ya saa moja ilionekana imepakwa kwa rangi juu ya chuma.

Tangu hapo nikishapaka dawa hiyo ninaondoka chumbani. Kesho yake ninarudi na taa, naitazama kwa kuinamisha. Kama kuna kiputo cha hewa, ninakitoboa kwa ncha ya wembe mpya na kugusa pale kwa tone la dawa. Kama utando umevuka mfereji bila kuzama, ninaukata taratibu kando ya mfereji na kupaka dawa tena. Halafu ninapangusa pote kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, maana mabaki ya gundi yakikauka yanaacha doa la rangi ya chai.

Mengine ya dekali za maji nitayapitia upesi. Punguza ukingo wa utando usio na wino kwa wembe mkali kabla ya kuloweka, hasa kwenye herufi kubwa. Maandishi madogo ya maelekezo ni majaribu ya subira. Phantom moja, ndege ya vita ya jeti, ya 1/48 ilinila jioni sita, na nilifanya upande mmoja tu kwa jioni ili nisizifute kwa kiganja zile za upande wa pili. Mistari mirefu sishauri kuibandika, kama ile myeupe na myeusi iliyopakwa kwenye ndege za Washirika, nchi zilizopigana na Ujerumani, kwa ajili ya kutua Normandia tarehe 6 Juni 1944. Kwenye ndege za injini moja kila mstari ulikuwa na upana wa inchi 18, yaani milimita 6 na ushee katika kipimo cha 1/72, na mistari mitano kuizungusha kwenye mwili uliopinda bila kuacha pengo ni shida tupu. Ifunike kwa tepu, upake rangi. Itakuwa bora na utaifurahia.

Dekali za zamani ni mada yenye uchungu kidogo kwangu, kwa sababu nazipenda modeli za miaka mingi. Zikigeuka manjano, zitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, uzibandike kwenye kioo cha dirisha upande unaopigwa na jua. Siku kadhaa, wakati mwingine wiki kadhaa, na manjano yanapungua sana. Kuhusu kupasuka, tatizo ni kwamba hujui mpaka imeshaingia majini na kugawanyika vipande kumi. Loweka kwanza ile usiyoihitaji. Ikipasuka, zipake zote zilizobaki vanishi inayong'aa au utando wa maji wa kutengenezea dekali, ziache zikauke, kisha ukate kila moja karibu na wino wake, kwa sababu sasa karatasi nzima imekuwa utando mmoja.

Yule mzee wa treni yeye alikuwa na mapenzi na aina nyingine kabisa: alama za kusugua, zile kavu. Watu wa rika lake waliokuwa wakichora matangazo na magazeti kabla ya kompyuta walizijua vizuri kwa jina la Letraset, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1959. Herufi zimechapwa kinyume nyuma ya karatasi angavu, zina gundi inayoitikia mgandamizo. Unailaza herufi mahali pake, unasugua kwa juu, inahama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye modeli. Hakuna maji. Zaidi ya yote, hakuna utando. Kinachobaki juu ya behewa ni wino peke yake, wenye kingo zake halisi, na ukitazama kwa kioo cha kukuzia huoni mpaka wowote unaoizunguka herufi. Ule ukungu wa fedha ulionitesa kwenye Spitfire hauna mahali pa kukaa.

Lakini zina ukali wake. Dekali ya maji inakupa dakika nzima za kusogeza huku na huku. Ya kusugua, ikigusa imegusa. Mzee alikuwa akisema maji yakimwagika hayazoleki, kisha ananipa kipande cha tepu.

Tepu ndiyo siri. Kata herufi yako pamoja na karatasi yake ya nyuma ya kukingia, ukiacha nafasi pembeni, ili herufi jirani zisije zikabandika pasipotakiwa. Weka mstari wa tepu yenye gundi hafifu juu ya behewa kama rula, ukingo wake ukiwa pale chini ya herufi patakapokuwa. Ondoa karatasi ya kukingia, usiguse upande wenye gundi kwa kidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yanaua gundi. Shusha herufi mpaka kwenye mstari, shikiza pembe mbili kwa tepu. Sasa hata ukipiga chafya haisogei.

Kusugua nako kuna namna. Tumia kitu chenye ncha ya mviringo, kigumu na laini. Mimi natumia kijiti cha kusugulia chenye kichwa kidogo cha chuma. Anza pembeni mwa herufi, nenda kwa mistari mifupi inayolaliana, nguvu ya wastani. Angalia rangi. Herufi nyeupe iliyoshikwa bado na karatasi inaonekana imejaa, na pale ilipoachia inageuka kijivu kidogo chini ya karatasi. Kijivu kile kinatembea nyuma ya kijiti chako kama kivuli cha wingu. Herufi yote ikishakuwa kijivu, inua karatasi kutoka pembe moja, polepole, ukitazama. Ukiona mguu wa R umebaki juu, usivute. Irudishe karatasi ilalie palepale, sugua ule mguu, inua tena.

Mimi R yangu ya kwanza niliivuta. Ilikatika kiunoni, nusu kwenye behewa na nusu kwenye karatasi, na nusu hizo hazikukutana tena. Wakati huo ndipo nilipojifunza jambo jema kuhusu alama hizi: zinatoka kwa urahisi kama hazijapakwa vanishi. Kipande cha tepu, bandika, nyofoa, na herufi imekwenda, rangi chini yake ikiwa salama, mradi rangi hiyo ilikuwa imekauka kikweli. Rangi changa inanyofoka pamoja na herufi. Tumerudi kulekule kwenye uso.

Herufi ikishakaa, weka karatasi ya kukingia juu yake, sugua tena kwa upole ili ishike kwenye vijishimo vyote. Juu ya mbao zenye nyufa au safu ya ribiti, wino unaweza kuning'inia bila kugusa chini, na ukisugua kwa nguvu unapasuka. Kwa mahali kama hapo mzee alinionyesha njia ninayoitumia hadi leo. Sugua herufi zako zote juu ya karatasi tupu ya dekali yenye utando, zipange sawasawa mezani kwa utulivu, zipake vanishi, kisha zikate na uziloweke kama dekali yoyote. Unapoteza faida ya kutokuwa na utando, ila unapata ulaini wa dawa ya kulainisha, na jina lenye herufi kumi na nne linakaa kwa pigo moja.

Hifadhi yake pia ina maana. Ziweke zimelala, mbali na joto, karatasi ya kukingia ikiwa mahali pake. Gundi yake huchoka. Karatasi iliyokaa miaka mingi inaweza kukataa kuachia hata ukisugua mpaka itoboke, au wino ukavunjika kama ganda la yai. Kabla ya kuanza jina refu, jaribu herufi moja usiyoihitaji.

Behewa lililo mezani kwangu sasa hivi ni la mizigo, jekundu la kutu. Upande mmoja umekamilika: jina juu, namba chini yake, na safu ya tarakimu ndogo za uzito zilizonichukua jioni mbili na kioo cha kukuzia. Herufi zimekaa juu ya mbao zilizochongwa kana kwamba mtu alizipaka kwa brashi akiwa amesimama kwenye ngazi, na nimeshika taa nikiizungusha kila upande kutafuta ile njia ya konokono, sijaiona. Upande wa pili una herufi zilezile kumi na nne. Vanishi yake niliipaka juzi, yenye mng'ao wa wastani, na herufi zimeshakatwa na kupangwa kwa zamu juu ya kitambaa. Asubuhi hii nimelinusa behewa. Bado linanuka kidogo.